Kukesha, ndoto, jinamizi, kutembea usingizini au malale: kuchagua usiku wa hadithi yako fupi

Kijana mmoja wa hapa Jinja, Uganda, aliniletea hadithi ya kurasa nne. Ukurasa wa kwanza mhusika hapati usingizi. Wa pili anaota. Wa tatu anakabwa na jinamizi. Wa nne anazindukia barabarani, miguu mitupu, umande umemlowesha hadi magotini. Kila ukurasa peke yake ulikuwa mzuri, lakini hadithi haikushika, kwa sababu usiku mmoja ulikuwa umebebeshwa mizigo minne. Nikamwambia achague mmoja. Akaniuliza, "Sasa mwalimu, nachaguaje?" Nilimwomba wiki moja nifikiri. Haya ndiyo niliyomrudishia, nikiwa nimeongeza na la tano ambalo hakuliwaza, na nayaandika kwa yeyote aliyekwama pale alipokwama yeye.

Ili nisimpendelee yeyote, nitamtumia mhusika mmoja wa kubuni kote. Anaitwa Hadija. Anakaanga chapati Walukuba, kwenye zile nyumba za wafanyakazi ambako watu wa makabila mengi huelewana uani kwa Kiswahili. Miezi miwili iliyopita aliuza kiwanja cha marehemu baba yao kilichoko Masese bila kumwambia kaka yake, Juma. Mchana siri imekaa kimya. Tuone usiku utaifanya nini.

Vigezo vitano

*Nani anajua.* Waandishi wengi wanaonijia huchagua kwa kutafuta kipi kinatisha zaidi. Mimi naanzia kwingine: kukicha, nani anajua kilichotokea usiku? Mhusika peke yake, majirani peke yao, au hakuna? Hadithi fupi huishi kwa siri, na kila shida ya usingizi huigawa siri kwa namna yake. Vigezo vingine vinne vinakitumikia hiki.

*Saa.* Mwili una ratiba. Usingizi huenda kwa mizunguko ya dakika 90 hivi. Usingizi mzito, ule wa pono, hujaa mwanzoni mwa usiku. Usingizi wa ndoto hurefuka kadiri alfajiri inavyokaribia. Ndio ule ambao Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago waliueleza mwaka 1953, baada ya kuona macho ya watu waliolala yakienda mbio chini ya kope. Msomaji wako huenda hayajui majina hayo, lakini amelala maisha yake yote, na tukio lililowekwa katika saa isiyo yake atalihisi kama chumvi iliyozidi.

*Kauli ya mtaa.* Jirani, shangazi, imamu na mlokole watasema ni nini?

*Kitenzi.* Kiswahili kina viambishi ambavyo kila kimoja kina namna yake ya kushika wakati. Shida moja inataka *hu-*, nyingine inaikataa *-ka-*. Hapa ndipo lugha yetu inapomsaidia mwandishi kuliko anavyodhani.

*Mtego.* Mahali hadithi nyingi za aina hiyo hufia.

Kukosa usingizi

*Nani anajua.* Hadija anajua kila kitu, na hicho ndicho kinachomtesa. Anajua mbwa alibweka mara ngapi, anajua jirani aliacha kukoroma saa ngapi. Ila kuna jambo moja ambalo wapima usingizi wameliona tena na tena: watu wengi wenye shida hii hulala zaidi ya wanavyodhani. Mtu anaapa hakupata hata lepe la usingizi, kumbe kuna saa nzima imempita. Kwa mwandishi hilo ni zawadi. Hadija atakula kiapo kwamba alikesha macho makavu, na bado Juma akawa amefika mlangoni saa nane, akabisha, akasubiri, akaondoka. Shahidi aliyeona yote hakuona lile moja lililokuwa na maana.

*Saa.* Usiku wote ni wako, ndiyo sababu shida hii ni ngumu kuiandika. Usipougawa, utakuwa uji. Mimi huugawa kwa sauti: vyura, malori ya miwa yanayoelekea Kakira, jenereta inayozimwa, kisha adhana. Madaktari huita hali hii sugu ikimpata mtu angalau usiku tatu kwa wiki kwa miezi mitatu. Miezi miwili ya Hadija bado haijafika huko. Bado anaamini kesho atalala, na imani hiyo inampa mwandishi pa kumshikia.

*Kauli ya mtaa.* "Ana mawazo." Basi. Mtaa hauoni ugonjwa hapa, na mara nyingi hauko mbali na ukweli. Lakini katika nchi yetu kuna watu walionyimwa usingizi na nchi yenyewe. Waliokuwa Kampala mwanzoni mwa miaka ya 1980 wanakumbuka *panda gari*, misako ya wanajeshi iliyopewa jina kwa amri ile ile waliyopewa watu: pandeni gari. Hadi leo wapo wazee ambao gari likisimama nje usiku injini ikiwa inanguruma, wanakaa kitandani. Na vita vya kaskazini, vile vya waasi wa LRA, vilipopamba moto, maelfu ya watoto walitembea kila jioni kutoka vijijini hadi miji ya Gulu na Kitgum, wakalala kwenye varanda na viwanja vya hospitali, asubuhi wakarudi. Nayasema haya kwa sababu ya uzito maalumu unaotuangukia sisi tunaoandika kwa Kiswahili Uganda: kwa wasomaji wengi, hasa wazee, hii ndiyo lugha ya wanajeshi, iliyobisha mlango. Neno "Fungua!" katika hadithi ya usiku halisomwi Jinja kama linavyosomwa Tanga. Ukilitumia, ujue unachokigusa.

*Kitenzi.* *Hu-*. "Saa saba huhesabu hela. Saa nane huhesabu tena. Saa tisa huamka akakanda unga." Kiambishi hiki hakina jana wala kesho, na mtu anayekesha naye hana.

*Mtego.* Mawazo matupu. Mhusika amelala chali anayakumbuka maisha yake, ukurasa baada ya ukurasa. Mpe mikono kazi. Hadija akikanda unga saa tisa usiku, uani wanausikia ule mdundo, na siri inaanza kuvuja bila mtu kufungua kinywa.

Inamfaa mwandishi mwenye sikio na subira, mwenye mhusika anayejijua. Haimfai mwenye siri ambayo mhusika mwenyewe hajaikubali moyoni.

Ndoto

*Nani anajua.* Hadija peke yake, mpaka atakapomsimulia mtu. Na kusimulia si jambo dogo. Katika mafundisho ya Kiislamu ndoto njema hutoka kwa Mungu na mbaya hutoka kwa shetani. Aliyeota vibaya hupuliza mate mepesi kushotoni mara tatu, hujikinga kwa Mwenyezi Mungu, wala hamsimulii mtu. Kwa hiyo Hadija akiamua kusimulia, amefanya tendo.

"Shangazi, nimemwota baba."

"Ndoto njema?"

"Alikuwa Masese, anapima kiwanja kwa kamba."

"Basi, mwanangu. Isitiri. Umetema mate?"

Hadithi inaweza kuanzia hapo: shangazi amesikia neno Masese, na sasa wako wawili.

*Saa.* Karibu na alfajiri. Ndoto mbaya inayokumbukwa vizuri huja kwa kawaida katika nusu ya mwisho ya usiku, na mwotaji huamka mzima, anajua yuko wapi. Usiichanganye na ile hofu ya watoto: mtoto anayepiga ukelele saa tano usiku, macho yamemtoka, hamtambui hata mama yake, na asubuhi hakumbuki lolote. Ile hutoka kwenye usingizi mzito, haitoki kwenye ndoto. Nimesoma hadithi ambamo mtoto wa namna hiyo anasimulia ndoto ndefu asubuhi kwenye chai. Hadithi ilikuwa ya kweli hadi pale.

*Kauli ya mtaa.* Hapa ndipo penye utajiri. Marehemu akija ndotoni, wengi wetu, Waislamu kwa Wakristo, tunauliza alitaka nini. Waacholi wana neno *cen*, roho ya aliyekufa kwa ukatili au bila kuzikwa kwa heshima, na tangu vita vya kaskazini familia nyingi zimelitumia kuelezea ndoto za walioua na za walioona mauaji. Lipo pia jambo la dawa, ambalo waandishi wetu hawaligusi. Efavirenz, dawa ya kupunguza makali ya VVU iliyomezwa kabla ya kulala, ilijulikana kwa kuleta ndoto kali, zenye rangi kuliko mchana. Uganda ilianza kuhamia dolutegravir mwaka 2018, na hiyo dawa mpya baadhi ya watu huwaondolea usingizi. Mhusika anayeishi na VVU katika hadithi ya mwaka 2012 angeota. Mwenzake wa mwaka 2022 huenda angekesha. Mtu anayemeza dawa kwa siri hawezi kumwambia mumewe kwa nini anaweweseka. Hadithi hiyo nimeisubiri miaka mingi, sijaletewa.

*Kitenzi.* Ondoa *-ka-*. Kiambishi hiki hufunga tendo kwa tendo, hili likazaa lile, na ndoto haina mafundo hayo. Linganisha:

"Nikaingia kiwanjani, nikamwona baba anapima, nikamwuliza kamba ameitoa wapi, akanionyesha."

"Niko kiwanjani. Baba anapima kwa kamba. Kamba ni nywele zangu. Naona ni sawa."

La kwanza ni habari ya safari, la pili ni ndoto. Sentensi ninayoipenda zaidi ni ile ya mwisho, maana mwotaji hashangai. Kila unapoandika "kana kwamba" au "jambo la ajabu" ndani ya ndoto, umemwamsha.

*Mtego.* Ipo miwili. "Kumbe ilikuwa ndoto" mwishoni, ambayo humfanya msomaji ajute muda wake. Na ndoto iliyo safi mno, ambayo kila kitu ndani yake kina tafsiri: nyoka ni kaka, mto ni kifo, kiwanja ni kiwanja. Acha kitu kimoja kisichoeleweka hata na wewe. Ifanye fupi pia. Sentensi sita hadi kumi zinatosha katika hadithi ya kurasa tano, na baada yake lazima mhusika afanye jambo akiwa macho ambalo asingelifanya.

Inamfaa mwenye mhusika anayeikimbia siri yake, na mwenye jamii inayomzunguka mhusika na kuyajali maneno ya ndotoni.

Jinamizi

Neno hili kwa wengine ni ndoto yoyote ya kutisha. Hapa nalitumia kwa ile hali ya kuamka bila kuweza kusogea, kifua kimelaliwa, na mtu mwingine yumo chumbani.

*Nani anajua.* Hadija, na hawezi kusema. Juma anaweza kuwa amelala mkeka wa pili, mkono mmoja tu kutoka kwake. Hapo pana umbali mkubwa kuliko ule wa kukesha: anamwona ndugu yake, anataka kumwita, ulimi hauna habari.

*Saa.* Ukingoni mwa usingizi, wakati wa kuchukuliwa au wa kuamka. Tukiota, mwili hulegezwa misuli ili tusitende tunayoyaota. Mara nyingine akili huamka kabla mwili haujafunguliwa. Hudumu sekunde kadhaa, pengine dakika chache. Huja zaidi kwa anayelala chali na kwa aliyenyimwa usingizi. Pumzi haikatiki, ingawa mtu yuko tayari kuapa kwamba imekatika.

Ilinipata nikiwa shule ya bweni, kitanda cha chini. Nilimwona mtu amekaa ukingoni mwa kitanda cha mwenzangu, amenipa mgongo. Nilijua hakuna mtu, na nilimwona, yote mawili kwa wakati mmoja. Kilichonitoa ni kidole gumba cha mguu. Nilipambana nacho peke yake hadi kikatikisika, ndipo mwili mzima ukarudi. Katika hadithi zote za jinamizi nilizosoma, wahusika hupiga kelele. Kidole gumba sijakiona bado.

*Kauli ya mtaa.* Hakuna atakayesema "misuli". Muislamu atauliza kama ulisoma Ayatul Kursiy kabla ya kulala. Mlokole atakemea pepo kwa jina la Yesu, kwa sauti, saa hiyo hiyo. Mwingine atataja mizimu, au jirani mwenye wivu. Wasomaji wa pwani watamkumbuka Popobawa aliyezua taharuki Unguja na Pemba mwaka 1995, watu wakalala nje kwa makundi. Usimlete Walukuba, ana kwao. Kila jamii ina jina lake la kinachokalia kifua, na jina la mahali ndilo linalotisha.

*Kitenzi.* Kauli ya kutendwa. "Nilikabwa. Nililaliwa. Nilizibwa." Kiswahili kinaruhusu kutendwa bila kumtaja mtenda, na hofu yote imo katika nafasi ile tupu ambapo ungeandika "na fulani". Iache tupu. Ukishaandika "na jini" au "na baba", chumba kimepungua giza.

*Mtego.* Ufupi wake. Dakika mbili haziwezi kubeba kurasa kumi, na mwandishi anayejaribu huishia kulirudia tukio mara tatu. Mtego wa pili ni daktari wa mwisho anayekuja kueleza kila kitu. Ukijua sayansi, itumie kupanga saa na ulalo wa mwili. Maelezo yabaki kwako.

Inamfaa anayeandika kitu kifupi sana, ukurasa mmoja au miwili, na anayependa kubaki ndani ya mwili mmoja.

Kutembea usingizini

*Nani anajua.* Kila mtu isipokuwa Hadija. Hii ndiyo nguvu yake, na hakuna nyingine iliyo nayo namna hii. Asubuhi anakaanga chapati kama kawaida, wateja wanamtazama kwa jicho jipya, naye hajui kwa nini.

*Saa.* Mapema. Hutoka kwenye usingizi mzito, kwa kawaida ndani ya theluthi ya kwanza ya usiku. Aliyelala saa nne atatembea saa tano au saa sita. Huwapata watoto zaidi ya watu wazima, na huonekana kurithiwa katika familia. Homa, pombe, baadhi ya dawa za usingizi na kukosa kulala siku kadhaa huweza kuuchochea. Macho huwa wazi. Mtu anaweza kufungua komeo, kuhamisha sufuria, kujibu neno moja mbili zisizo na maana. Kumwamsha hakumuui, ingawa mtaani wanasema hivyo. Huamka amechanganyikiwa, na salama zaidi ni kumwongoza taratibu arudi kitandani.

Angalia chandarua. Nyumba nyingi zetu zinacho, kimechomekwa chini ya godoro. Hadija lazima akichomoe ili atoke, na asubuhi atakikuta kimechomoka upande mmoja. Hicho ndicho ushahidi pekee alionao yeye. Hadithi nzima inaweza kusimama juu ya upande mmoja wa chandarua.

*Kauli ya mtaa.* Hapa mwandishi awe na moyo mzito. Uganda tuna imani ya *abasezi*, watu wanaodaiwa kutoka usiku, wakacheza uchi na kufukua makaburi. Mtu anayeonekana saa sita za usiku, macho wazi, haitikii salamu, anatembea kuelekea shamba lenye makaburi ya familia, ataitwa msezi kabla ya kuitwa mgonjwa. Kuna watu waliopigwa kwa tuhuma kama hiyo. Ukiiandika kwa ajili ya kusisimua tu, unaongeza kuni kwenye moto ambao kesho unaweza kumchoma jirani yako aliye hai. Ukiiandika kwa haki, ukawapa nafasi wanaoogopa na anayeogopwa, nadhani hakuna hadithi ya usingizi yenye kazi kubwa zaidi ya kufanya katika nchi hii.

*Kitenzi.* "Alionekana." "Walisema." "Inadaiwa." Nafsi ya kwanza hapa ni ngumu, maana mhusika hana la kusimulia; usimulizi unaofaa ni wa jirani, au "sisi" ya uani: "Tulimwona akipita na kibao cha chapati kifuani. Tulimwita, Hadija! Hakugeuka. Alishika njia ya Masese."

*Mtego.* Kumfanya atembee kwa makusudi mno. Akienda moja kwa moja kiwanjani, akapiga magoti na kukiri, msomaji ataona mkono wa mwandishi. Njia ya Masese inatosha. Afike nusu.

Inamfaa anayetaka mtaa uwe mhusika.

Malale

Hili halimhusu Hadija wa Walukuba, kwa hiyo nitakuwa mfupi. Nimeliweka kwa sababu ni ugonjwa wa usingizi ambao historia ya eneo letu haiwezi kuandikwa bila huo. Kati ya mwaka 1900 na 1920 mlipuko wake katika Busoga na mwambao wa ziwa Viktoria uliua watu wanaokadiriwa kuwa 250,000. Baganda waliuita *mongota*, kutokana na kusinzia. Mwaka 1903 pale Entebbe, Aldo Castellani na David Bruce waliuhusisha na vimelea vinavyoenezwa na mbung'o. Gavana Hesketh Bell akaamuru ufuko na visiwa vihamwe. Vijiji vikawa msitu.

*Nani anajua.* Familia inajua kabla ya mgonjwa, na kwa muda mrefu haijui inachokijua: wanaona uvivu, ulevi, kurogwa.

*Saa.* Zimepinduka. Vimelea vikifika kwenye ubongo, mgonjwa halali sana kuliko wengine. Usingizi wake huvunjika vipande, akasinzia mchana, akahangaika usiku. Uganda ina aina zote mbili. Ile ya kaskazini-magharibi huenda polepole, miaka. Shirika la Afya Duniani lilithibitisha mwaka 2022 kwamba si tatizo tena la afya ya umma nchini. Ile ya Busoga huenda kasi, wiki au miezi, na hujificha kwa ng'ombe; mwishoni mwa miaka ya 1990 ilifika Soroti kwa ng'ombe waliosafirishwa.

*Kauli ya mtaa.* Imebadilika kwa vizazi. Kwa hadithi ya zamani, ifuate kauli ya wakati huo.

*Kitenzi.* *-ki-*, matendo mawili kwa pamoja: "Alisinzia akila. Aliimba wengine wakilala."

*Mtego.* Utafiti kumeza hadithi. Chagua nyumba moja.

Inamfaa mwenye bibi au babu anayekumbuka aliyoambiwa, na mwenye kurasa zaidi ya kumi.

Ukiwa umekwama leo

Kama mhusika wako anaijua dhambi yake na anajiona peke yake, mkeshe. Kama anaijua na anaikataa, mwotesheni wewe na marehemu wake. Kama tayari una hadithi ya kukesha ambayo haina tukio, angalia lile pengo analodhani hakulala, kisha weka kitu humo.

Una maneno 600 tu ya shindano au ya redio: jinamizi. Una maneno 3,000 na mtaa mzima unaoufahamu kwa majina: kutembea usingizini. Ila kama unaandikia mahali ambapo mtu amewahi kushambuliwa kwa tuhuma za usezi, na unamfahamu, mbadilishie mhusika mji, jinsia na kazi kabla hujaandika sentensi ya kwanza.

Ukitaka kuchanganya mbili, zipo zinazochukuana kwa sababu mwili wenyewe huzichukuanisha. Kukesha siku kadhaa huita jinamizi, na huita kutembea usingizini kwa mwenye asili hiyo. Ndoto na jinamizi zimepakana. Lakini kutembea usingizini na ndoto inayokumbukwa ni vya sehemu mbili tofauti za usiku. Mtu aliyetembea saa tano akaota saa kumi ana matukio mawili, na hadithi yako itabidi ijue hivyo.

Kama usiku unaotaka kuuandika ni wako mwenyewe, au wa mama yako, andika kwanza saa, ulalo na sauti ulizosikia, kabla ya maana. Kama ni wa mama yako, na yuko hai, mwulize kabla hujaandika. Yule kijana wa kurasa nne alimwuliza wake. Mama alimjibu, "Ile ya barabarani andika. Ile ya baba yako niachie." Akaandika ya barabarani, kwa "sisi" ya uani, na ameshafika katikati.